Saksafoni Ambayo Mtaa Haukuisikia

Mtaani kwetu Lamu kila mtu alijua kwamba Mwalimu anapiga saksafoni, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuisikia. Msomaji asinisahihishe. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na yalikwenda hivyo miaka na miaka bila kumdhuru mtu, mpaka siku mimi nilipofungua mdomo wangu. Nampenda Mwalimu, na ningependa kuandika sifa zake tupu, lakini haki ni kuanza na hili: mimi ndiye niliyemnyamazisha, na kwa miaka minne kitu nilichokitamani kuliko vyote ni kuisikia tena ile sauti ambayo sikutakiwa kuisikia.

Alikuwa mwalimu wa chuo, yaani pale watoto wanapofundishwa Kurani. Darasa lake lilikuwa daka la nyumba yake, kwenye mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana mlangoni, na mabaraza hayo yamelainishwa na makalio ya vizazi vitatu, yangu yakiwemo. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio la kushoto. Masikio Mungu alimpa ya ziada. Angeweza kuwa jikoni anakuna nazi, sisi tuko dakani watoto ishirini tunasoma kwa pamoja, na mmoja akivuta sauti pasipo kuvutwa alimsikia. Hakupandisha sauti. Alisema kutoka huko huko ndani, "Rudi nyuma aya moja," na sote tulijua ni nani anayeambiwa.

Sifa kwake hukuzipata. Nilipomaliza juzuu ya kwanza nilisimama mbele yake nikingoja neno jema, nimevaa nguo mpya aliyonishonea mama kwa ajili ya siku hiyo. Mwalimu alinitazama juu ya miwani akaniambia nikapenge kamasi. Nililia njia nzima hadi nyumbani, ambayo ni hatua sita, maana nyumba yetu imeegemeana na yake. Jioni yake likaja sinia la mkate wa sinia, moto, na halikusemwa ni la nini.

Kitu kilichomuudhi kupita vyote ni mluzi. Mtoto akipiga mluzi ndani ya nyumba yake alifinywa sikio na kuambiwa anaita nyoka. Hata wazee wa mtaa walijizuia wakipita mlangoni. Nilipokua nikawa najiuliza, ikiwa mluzi unaita nyoka, saksafoni inaita nini. Sikumuuliza. Nilikuwa na adabu siku hizo.

Na alikuwa na tabia ya kuhesabu. Alishona kofia kwa mkono, zile kofia nyeupe za vitobo vidogo vidogo ambazo bwana harusi wa Lamu hana budi kuwa nazo, na kila aliposhona midomo yake ilikwenda: tatu, tatu, tano, nne, tatu, moja. Sisi watoto tulidhani anahesabu vitobo. Lakini hesabu haikupanda kama hesabu za watu. Ilipanda, ikashuka, ikarudi ilikotoka, ikasimama kidogo, ikaanza upya. Tukawa tunamwigiza njiani tukienda kuoga baharini, tunaimba tatu tatu tano, na mtaa mzima wa watoto ukawa unajua namba hizo bila kujua ni za nini.

Chombo chenyewe nilikiona mara moja tu nilipokuwa mdogo. Mama alinituma nipeleke bakuli la mchuzi, nikaingia mpaka chumba cha ndani kabisa bila kupiga hodi ya pili. Kwenye vidaka vya ukutani, vile vishubaka vya chokaa tunavyowekea sahani za kale, kidaka cha chini kilikuwa kimefunikwa kanga, na kanga imeteleza. Msahafu ulikuwa juu kabisa, peke yake. Chini, mbali na msahafu, ilikuwa saksafoni.

Haikuwa saksafoni kamili, ile kubwa ya bendi yenye vyuma visivyo na idadi. Ilikuwa fupi, kama mkono wangu wa leo kutoka kiwiko hadi vidole, shingo imepinda, mdomo wa chini umefunguka kidogo, shaba imefifia. Ilikuwa na vitufe vinane basi, na kila kitufe kimechongwa namba yake. Baadaye sana mgeni mmoja anayejua mambo haya alinieleza kwamba zamani huko kwao zilitengenezwa za namna hiyo kwa ajili ya watu wa kawaida, wasiojua kusoma muziki na wasio na nia ya kuingia bendi yoyote. Mtu anarudi kazini, anakaa nyumbani kwake, anafungua kijitabu cha namba, anabonyeza anachokiona, anapata wimbo. Saksafoni ya nyumbani. Nilipoelezwa hivyo nilicheka peke yangu, kwa kuwa kati ya watu wote walioinunua sidhani kama kuna aliyeiweka nyumbani kuliko Mwalimu.

Siku ile aliingia akanikuta nimesimama mbele ya kidaka. Aliirudisha kanga mahali pake, taratibu, kisha akaniuliza, "Umeona nini?"

"Sikuona kitu, Mwalimu."

Alinipa kipande cha halwa kikubwa kuliko kiganja changu. Hilo ndilo somo lake ambalo nililielewa upesi kuliko yote, na ndilo nililokuja kulisahau.

Jinsi alivyoipata, mama alinisimulia kama habari ya mwanamke mmoja ambaye hatumjui, na akanitazama sana aliposema hatumjui. Mwanamke huyo mume wake alikuwa mpishi wa meli. Aliinunua kwenye bandari fulani, akaja nayo likizo, akaipuliza wiki moja, akakasirika, akairudisha kwenye sanduku lake. Alipofariki, mkewe akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na alipopanga vitu vya marehemu akaikuta pamoja na kijitabu chake. Katika eda hakuigusa, wala hakuileta karibu na mdomo. Alisoma kijitabu tu. Ni mtu wa chuo, kuhifadhi ndiyo kazi aliyoijua, akazihifadhi zile namba zote kwa moyo, ukurasa kwa ukurasa. Alipotoka eda alikuwa anajua nyimbo kumi na mbili ambazo hajapata kuzisikia.

Tena kijitabu kilitaja namba tu. Hakikusema namba ipi ikae kwa muda gani, au kama kilisema, kilisema kwa lugha asiyoisoma. Basi alizipa namba mwendo anaoujua yeye, mwendo wa kasida za Maulidi, zile anazoyumba mtu kulia na kushoto bila kujitambua. Miaka mingi baadaye nilipata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ndogo Ras Kitau, ng'ambo ya Shela. Asubuhi moja mama mmoja wa Kizungu alikuwa anambembeleza mwanawe kwa wimbo, mimi nikasimama na funguo mkononi. Ulikuwa wimbo wa Mwalimu. Lakini ulikwenda mbio, umenyooka, hauyumbi popote. Nikajikuta namwonea huruma yule mtoto kwamba anaimbiwa kimakosa.

Mwalimu alipiga mchana, baada ya chakula, saa ile mji mzima umejilaza. Kuta za mawe za nyumba zetu ni nene, lakini kila nyumba ina kiwanda chake katikati, uwazi usio na paa, na sauti hutoka kiwanda hiki ikaanguka kile. Tulikuwa tumelala mikekani, baba, mama, ndugu zangu na mimi, macho yamefumbwa, hatujalala hata mmoja. Sauti ilikuja ya puani kidogo, ya kukwaruza, ikapata njia yake, ikatulia. Baba kidole chake cha mguu kilicheza. Wimbo ukiisha mama aligeuka upande wa pili, akashusha pumzi. Tukiamka hakuna aliyetaja neno, na ukimuuliza yeyote mchana ulikwendaje atakwambia kulikuwa na joto.

Muadhini wa msikiti wetu naye alikaa jirani. Alipokwenda kuadhini Alasiri alipita mlangoni kwa Mwalimu, na kila siku alipofika hapo alishikwa na kikohozi. Kikohozi kikubwa, cha mara tatu. Sauti ndani ilikatika, muadhini akaendelea na njia yake, na baada ya muda kidogo adhana ikapanda. Sikumbuki kumsikia mzee huyo akikohoa mahali pengine popote.

Nilimjua pia fundi wa mashine za kushonea aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Kitufe cha sita kilipovunjika springi, Mwalimu alimpelekea akamwambia ni ya cherehani. Fundi aliigeuza, akaipima, akatengeneza nyingine kwa siku mbili. Alimwambia mama yangu, kwa uso mkavu, kwamba katika miaka yake yote hajaona cherehani yenye kitu kama kile, na kwamba inaonekana ni cherehani nzuri sana.

Sitaki mtu adhani alikuwa muasi, au kwamba alikuwa na hoja. Hakuwa na hoja yoyote. Kuna mwaka alikuja kijana mmoja aliyesoma ng'ambo, akafanya darasa la wanawake juu ya ubaya wa ala za muziki. Mwalimu alikaa mstari wa mbele, akatikisa kichwa kukubali kila neno, akamkaribisha kijana kwake akampa kahawa ya tangawizi na kumsahihisha matamshi ya aya mbili. Saa moja baada ya kijana kuondoka tulisikia wimbo wa nne, ule mrefu. Nilipokuwa mkubwa nilijaribu kumchokonoa juu ya jambo hilo kwa mbali, akaniambia, "Mimi simpi mtu fatwa, na sijipi mwenyewe. Mungu yuwaona mpaka ndani. Watu, mwisho wao ni mlangoni."

Alikuwa na neno analolipenda, sitara. Kwetu sitara ni stara, kufunikana, kutoangaliana mahali pasipoangaliwa. Alikuwa akisema kwamba mtu ana nguo mbili, moja anaivaa mwenyewe na moja anavalishwa na majirani. Nililiona neno zuri na nikaliandika kwenye daftari. Kuandika ni rahisi.

Sasa nifike pale.

Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi, nimesoma mambo ya utalii, nina diploma na ulimi mrefu. Kule nilijifunza kwamba ukiona kitu kizuri kisemwe, tena kisemwe kwa sauti. Kukawa na harusi ya binti wa mtaa, shughuli ya wanawake watupu, alasiri, ukumbi umejaa, wageni wametoka Shela, Matondoni, wengine Faza. Mimi nikapewa kipaza sauti niwe nakaribisha watu. Muziki wa mashine ukaharibika. Mwenye mashine anagusa nyaya, wanawake wameanza kupepea, na mimi nimesimama na kipaza sauti nikimwona Mwalimu ameketi mstari wa tatu katika buibui lake, mikono juu ya magoti. Moyo wangu ukajaa. Wallahi ulijaa mapenzi, si kitu kingine. Nikasema kwa kipaza sauti kwamba tunahangaika na mashine na hapa tunaye Mwalimu wetu, mwanamke wa kwanza Lamu kupiga saksafoni, nimelelewa na sauti yake kila mchana, tumpigie makofi, na kama atakubali nikamletee chombo chake sasa hivi.

Hakupiga mtu makofi. Ukumbi wa wanawake mia tatu, na nilisikia pepeo zinavyosimama. Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa.

Mwalimu alitabasamu. Akasema, kwa sauti ile ile ya kutoka jikoni, "Mwana huyu amekosea nyumba. Kwangu kuna cherehani tu."

Bibi mmoja akashika pembe za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, akagonga, wengine wakadaka, wimbo wa bibi harusi ukaanza na shughuli ikaendelea. Waliniokoa, na walimwokoa yeye, lakini wimbo nimeukumbuka mpaka leo kwa uchungu.

Kesho yake mchana tulilala mikekani. Hakukuja kitu. Muadhini alikohoa mara tatu mlangoni, mahali pasipo na sauti ya kukatizwa, akaenda zake. Alikohoa hivyo kila siku kwa miezi, mzee wa watu, mpaka akaacha.

Watu wanadhani alinyamaza kwa kuwa alisemwa. Alisemwa kidogo, ni kweli. Watoto wawili waliondolewa chuoni, mmoja ikasemekana ana pumu, mwingine anahama, naye hajahama hadi leo. Lakini waliomchosha zaidi ni waliompenda. Wakaja wasichana kumwomba apige harusini kwao. Akaja kijana anayewatembeza watalii, anataka amrekodi kwa simu. Wakaja hata wa kumtetea, wakakaa dakani wakisema kwa sauti kwamba hakuna ubaya. Wote aliwaambia hana chombo kama hicho, akawapa sharubati. Niliyemvua nguo ile ya pili ni mimi, na kila aliyekuja kumsifu alikuwa anamvua vile vile.

Nilijaribu kumwomba radhi. Nilikwenda mara ya kwanza nikilia, akaniuliza nani amefariki. Mara ya pili nikasema neno saksafoni, akasema, "Saksafoni gani?" na kunipa mchele nichague. Mgeni mmoja wa hoteli, yule mjuzi, aliponitumia kijiboksi cha ndimi mpya, zile tete bapa zinazofungwa mdomoni mwa chombo ndizo zinazotoa sauti, nilikificha chini ya bakuli la samaki wa kupaka nikampelekea. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Siku ya pili bakuli langu lilirudi na mahamri, na chini ya mahamri, kwenye karatasi, kijiboksi changu kilekile, hakijafunguliwa. Nilielewa nimekataliwa. Nikakitia kabatini, na nikaacha kumsumbua, nikabaki na kumpelekea vyakula.

Hivyo ikapita miaka minne. Alikuwa anazeeka sasa kwa haraka. Ngazi za nyumba zetu ni za mawe, zimesimama wima, na goti lake lilikataa. Watoto wa chuo wakapungua kwa sababu zisizo za uongo. Mwaka huu mpwa wake kutoka Faza akaja akasema shangazi atakwenda kukaa kwake, nyumba ya chini, na Mwalimu ambaye hakupata kukubali neno la mtu akakubali hili kwa kutikisa kichwa.

Niliposikia nilipika wali wa nazi na kamba, nikaupeleka mwenyewe. Alikuwa ameketi kitandani chumba cha ndani, vidaka vimeshaanza kuondolewa vitu. Alinishukuru, na aliponishukuru nikaona kwamba meno yake ya mbele ya juu hayapo, mawili, labda matatu. Nikajua wakati huo huo nilichokuwa nakijua na sikutaka kukijua. Chombo kile hushikwa kwa meno. Hata angenisamehe leo, hata angetaka, sauti ile imekwisha. Nilikaa pale nikaongea habari za hali ya hewa.

Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, mpwa wake aliniletea kikapu cha ukili, kipya, kilichosukwa Kipungani. Akasema Mwalimu anarudisha sufuria. Sufuria ilikuwa juu, imesuguliwa. Chini yake kilikuwa kitu kimefungwa kanga, na nilipokigusa tu nikajua kwa uzito. Mdomo wake wa juu ulikuwa mtupu. Ulimi haukuwapo. Nilisimama nacho nusu saa nzima kabla sijakumbuka kabati.

Mchana ule mji ulipojilaza nilikaa kwenye chumba chetu cha ndani, nikafungua kijiboksi, nikaufunga ulimi kama nilivyoona kwenye simu. Mama alikuwa amelala mkekani, macho amefumba. Sikujua lolote. Nilichokijua ni tatu, tatu, tano, nne, tatu, moja. Nilipuliza na ikatoka sauti ya kufedhehesha, kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Nikapuliza tena. Namba ya tano ilikataa, namba ya nne ikaitika mara mbili. Nilishika vibaya, nilipumua vibaya, na nililia, na kulia si vizuri kwa mtu anayepuliza. Sijui nilikaa muda gani. Najua nilifika mwisho wa wimbo wa kwanza mara moja, huku ukiyumba, ukiyumba mno.

Kisha nje, kwenye njia, mtu akakohoa mara tatu.

Sasa ni mzee wa mkongojo, na adhana anaisoma mwanawe. Sijui alikuwa anakwenda wapi. Niliiteremsha saksafoni mapajani mwangu. Mama aligeuka upande wa pili, akashusha pumzi.

Asubuhi nilikwenda kumuaga. Mizigo ilikuwa dakani, mpwa wake anaita wachukuzi. Mwalimu ameketi juu ya baraza la mawe, mahali tulipokaa sisi wanafunzi, kwa kuwa ndipo goti lake lilipomfikisha. Nilipiga magoti nikambusu mkono. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikayaweka. Yeye ndiye aliyesema.

"Yana mtana ulilala?"

"Jana mchana sikulala, Mwalimu."

"Mimi nalilele usingizi," akasema. "Sikusikiya kitu."

Wapita njia walitusalimu, akawaitikia mmoja mmoja kwa majina ya baba zao. Mkono wangu hakuuachia. Alikuwa ameushika ndani ya buibui lake, pasipoonekana na mtu, na kwa vidole vyake vikavu ananigonga kiganjani: tatu, tatu, tano. Hapo kwenye tano akakaa muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi. Kisha akarudi nyuma, akaanza tena mwanzo.